Ubeti wa Kuku

Darasa zima lilikuwa linalia kwa sababu ya kuku.

Dokta Atupele Mwakagile alisimama mbele yao na kitabu mkononi, akisubiri wamalize. Alikwisha kuzoea. Kila wanafunzi wa mwaka wa pili walipofika kwenye ubeti huu wa Utenzi wa Mzubaifu, kilio kilianzia viti vya mbele kikaenda nyuma taratibu, bila kelele, kama cha watu waliokesha msibani na sauti zimewaishia. Leo msomaji alikuwa Gwamaka, kijana mrefu mwenye mabega ya kubeba magunia, na alipofika neno la kwanza tu sauti ilimkwama kooni.

Katumwa chumvi sokoni,
Akapotea njiani,
Karudi, kuku kwapani,
Chumvi hakuinunua.

Sasa, mtu mwenye akili zake timamu akiusoma ubeti huo atauliza msiba uko wapi. Mume katumwa chumvi, kazubaa, kaja na kuku. Ubeti unaofuata mkewe anamkimbiza na mwiko kuzunguka nyumba, na kuku anawakimbiza wote wawili. Waliotunga maneno yale, Mungu awarehemu, walitaka watu wacheke mpaka washike mbavu.

Na kweli mtu mmoja alicheka. Ilikuwa pembeni, karibu na dirisha, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, na mwenye nacho akajiziba mdomo kwa kiganja. Darasa likageuka kumtazama. Walimtazama Subilaga Mwaisumo kama anavyotazamwa mtu aliyecheka jeneza likishushwa, na msichana yule akainamisha kichwa, lakini mabega yake bado yalikuwa yanatikisika.

Atupele hakumkemea. Alichofanya ni kufunga kitabu na kuwaruhusu watoke kabla ya wakati, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

*

Subilaga alicheka kwa sababu hakuwa amepakiwa.

Miaka hiyo vyuo vya nyanda za juu vilikuwa vimeacha kuwasumbua watu kwa kusoma. Mwanafunzi akianza chuo aliwekewa kipokezi nyuma ya sikio, kitu kidogo kama punje ya mahindi, chini ya ngozi. Akitaka kitabu alikwenda maktaba, akalala kwenye kitanda chembamba muda wa kutosha kunywa chai bila haraka, akainuka amekwisha kukisoma. Kurasa alizikumbuka, maneno magumu aliyaelewa, na kila alichopaswa kukihisi kilikuwa kimekaa mahali pake. Wenyewe waliita kupakiwa. Wazazi walifurahi, serikali ilifurahi, na wanafunzi, ambao tangu dunia iumbwe hawajawahi kulilia kurasa nyingi zaidi, walifurahi kuliko wote.

Ila kitabu hakijisomi. Ilibidi mtu mmoja akisome kwanza, kwa macho yake, toka mwanzo hadi mwisho, amefungwa nyaya kichwani katika chumba kisichopitisha sauti, na mtambo ukikamata kila kinachopita ndani yake. Huyo aliitwa Msomaji Asili. Usomaji wake ndio uliomiminwa kwa wote, na mtihani ukija, mtambo wa kusahihisha ulilinganisha jibu la mwanafunzi na usomaji huo. Ukimkaribia Msomaji Asili unapata alama, ukimwacha unaziacha.

Subilaga aliugua masikio utotoni, akapasuliwa, na mfupa wa nyuma ya sikio ukabaki mwembamba usioweza kushika kipokezi. Chuo Kikuu cha Kyambile kilimpokea kwa huruma na kumpa nakala za karatasi. Alisoma kama babu zetu walivyosoma, kidole juu ya mstari.

Na Msomaji Asili wa Utenzi wa Mzubaifu alikuwa Dokta Atupele mwenyewe.

Mtaalamu wa mtambo alikuja kutoka Dodoma wakati matanga hayajaanuliwa. Nsajigwa, mume wa Atupele, alikuwa amezikwa juzi juzi tu. Siku aliyofariki mvua ilikuwa inanyesha, na Tukuyu ni siku gani hainyeshi, sukari ikawa imekwisha. Nsajigwa alisema angoje mvua ipungue. Atupele akamtania, kwani wewe chumvi, utayeyuka? Nsajigwa akatoka. Moyo wake ulisimama kwenye kona ya duka, sukari mkononi, na waliomwokota walisema alikuwa ameikumbatia isilowe.

Mtaalamu alikuwa kijana mwenye adabu. Alimpa pole, akamuuliza kama wanaweza kuanza, na Atupele akamjibu kwamba asante, ameshapoa. Ndivyo anavyojibu mtu aliyelelewa vizuri. Nani katika nchi hii amewahi kupewa pole akajibu kwamba bado anaungua? Lakini mtambo ulimtaka mtaalamu athibitishe kwamba msomaji ametulia, na yeye, kwa sababu alikuwa ameambiwa hivyo kwa mdomo wa mwenye msiba, akathibitisha. Kisha Atupele akasoma, akafika kwenye mume aliyetumwa chumvi, na mtambo ukachukua kila kitu.

*

Mtu angedhani alipogundua kwamba wanafunzi wanalia kilio chake alishtuka. La, alifarijika, na hilo ndilo lililomtia aibu baadaye.

Nyumbani kwake hapakuwa na mtu. Hawakujaliwa mtoto, ndugu zake walikuwa Mbozi na kwingineko, na majirani walikuja wiki za mwanzo wakaacha kuja, kama ilivyo desturi, maana kila mtu ana shamba lake la kupalilia. Alikuwa bado anapika chakula cha watu wawili na kumwaga nusu. Kulikuwa na siku alizorudi kutoka chuoni Ijumaa akafungua mdomo tena Jumatatu. Upweke wa namna ile hauna mtu wa kulaumiwa, na pengine ndiyo maana unachosha sana.

Lakini darasani hakuwa peke yake. Darasani walikuwepo vijana ambao, wakifika neno lile la kutumwa, waliumia palepale alipoumia, kwa kiasi kilekile. Hakulazimika kueleza chochote. Mvua ikianza, wanafunzi walimkimbilia na miavuli bila kujua kwa nini. Hakuna aliyekubali mwenzake atumwe dukani kukinyesha. Atupele aliona haya yote akanyamaza, akawa anazihesabu siku za kipindi kama mtu anayengoja wageni.

Kwa hiyo Subilaga alipobisha mlango wa ofisi siku iliyofuata, Atupele alijua amefuata nini, na hakutaka kusikia.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Hakukaa. Alieleza akiwa amesimama kwamba mtihani wa majaribio umerudi na amepata sifuri kwenye swali la ubeti wa kuku. Aliandika kwamba ubeti unamcheka mume mzubaifu na mke mwenye hasira za haraka. Wenzake wote waliandika kwamba mke anajilaumu, na wote wamefaulu. Akipata sifuri nyingine kwenye mtihani mkuu anadisko, yaani anafukuzwa chuo, na nyumbani Kiwira mama yake amekwisha kuwatangazia watu kanisani kwamba binti anasomea ualimu.

Atupele alisema mtambo wa kusahihisha hauko mikononi mwake.

"Mtambo unakufuata wewe, Dokta. Wewe ndiye uliyesoma." Sauti yake haikuwa na utovu wa adabu, ila haikuwa na woga pia. "Watu husema akili za kuambiwa, changanya na zako. Mimi za kuambiwa sina, sikio limekataa. Ninazo zangu tu, na nimesoma ubeti huu mpaka karatasi imechanika. Naomba unionyeshe kitu kimoja, na ukinionyesha nitaondoka. Kilio kiko mstari wa ngapi?"

Alisukuma karatasi juu ya meza. Atupele aliitazama mistari ile minne. Alikuwa amefundisha fasihi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuna swali la mwanafunzi lililowahi kumfunga mdomo hivyo, kwa sababu jibu lake alilijua vizuri sana.

Alimwambia atamjibu. Subilaga akashukuru, akasema kwamba hata hivyo amekwisha kukata rufaa, akatoka.

*

Kanuni ya rufaa ilikuwa fupi. Mwanafunzi akipinga usomaji, Msomaji Asili alitakiwa asimame mbele ya baraza la kitivo na kusema kama siku ile alisoma kwa moyo safi, bila jambo la nje kuingia katika usomaji wake, au la. Neno lake lilikuwa la mwisho. Akisema alisoma kwa moyo safi, rufaa inakufa. Akisema la, usomaji unafutwa kwa kila aliyepakiwa.

Mkuu wa idara, Profesa Mwambungu, alimwita kabla ya baraza na kumwagizia chai ya maziwa. Alimwita dada yangu, na akikuita hivyo ujue kuna jambo anataka. Alisema wanafunzi hawajawahi kukipenda kitabu kama wanavyoupenda utenzi ule, na vyuo vingine vinauomba. Alisema binti wa Kiwira ataangaliwa, atapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, kwenye somo jingine ufidie hili, hakuna atakayepotea. Mwisho alisema polepole, akiangalia kikombe chake, kwamba yeye pia alipakiwa utenzi ule, ili ajue wanafunzi wanasoma nini, na tangu siku hiyo amekuwa mpole zaidi kwa mkewe.

Atupele aliuliza kama kile kilio hakiwezi kuondolewa peke yake, mengine yakabaki. Profesa alikuwa amekwisha kuwauliza wataalamu. Walisema maziwa yakishaingia kwenye chai huwezi kuyatoa. Ukifuta, unafuta yote, na mtu atakumbuka kwamba aliwahi kulia lakini hatakumbuka alikuwa analilia nini.

"Kwa hiyo watamsahau," Atupele alisema.

Profesa alimtazama. Hapo ndipo alipoelewa, nadhani, kwamba mwenzake hakuwa anazungumzia utenzi. Alimmiminia chai nyingine, na Atupele akaondoka bila kuinywa.

Alikuwa amekwisha kuamua. Usiseme mbele za watu, lakini alikuwa ameamua kusema uongo. Msichana angepewa sapu yake na dunia ingeendelea. Kuna ubaya gani watu wakimlilia Nsajigwa? Alistahili kuliliwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na uchungu wa kufiwa aujuaye mfiwa, isipokuwa huyu mfiwa mmoja alikuwa amepata bahati ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuipata, na sasa anaambiwa airudishe.

Mvua ilimkuta kwenye ngazi za kitivo. Gwamaka alitokea na mwavuli, akamfunika, na wakasimama pale wawili wakiangalia maji yanavyoshuka kwenye mashamba ya chai ng'ambo ya bonde. Kijana alikuwa na jambo. Alilizunguka sana, akaulizia afya yake, akasifu mhadhara wake wa wiki iliyopita, kisha akasema wamesikia habari ya rufaa na wanamwomba asikubali.

Atupele alimuuliza kwa nini. Moyo ulikuwa unamdunda kama wa msichana.

"Kuna mzee, Dokta," Gwamaka alisema. "Sijui nimweleze vipi. Kuna mzee nilimtuma. Najua sikumtuma mimi, ila ni mimi niliyemtuma."

Alieleza kwamba mvua ikianza tu anampigia baba yake simu Kyela kumuuliza kama yuko ndani. Baba yake ameanza kumwambia mama kwamba mtoto amechanganyikiwa. Tusekile, yule mdogo wa viti vya mbele, haendi tena kwao likizo kwa sababu anaogopa kumwomba mtu yeyote jambo lolote. Lakini hata hivyo hawataki kufutiwa. Mzee wa watu, akisahauliwa na wao, nani atakayemkumbuka?

"Anaitwa nani?" Atupele aliuliza.

Gwamaka alifikiri. "Sijui."

"Sura yake ikoje?"

Kijana alifumba macho. Alijitahidi kweli, uso ukakunjamana, na maji ya mvua yakawa yanamdondokea begani maana mwavuli wote alikuwa amemwachia mwalimu wake.

"Siioni," alisema. "Naona mgongo tu. Anatoka mlangoni."

Atupele alimshukuru, akamwambia aende bwenini asije akapata homa. Yeye alibaki palepale. Ndoa yote ile, vicheko vyote, ugomvi wa miaka na miaka juu ya dirisha lifungwe au liachwe wazi, na yeye alichowapa watoto wa watu ni mgongo wa mtu unaotoka mlangoni. Walikuwa wamebeba majuto yake yote, na mume wake hawakuwa naye hata kidogo. Alikuwa amejidanganya kwamba ana wenzake. Kumbe alikuwa amejiona mwenyewe mara nyingi nyingi, kwenye viti vilivyopangwa.

Hasira ilimpanda, ya kujikasirikia, na ikamsaidia kufika nyumbani.

*

Mbele ya baraza alisema maneno machache. Alisema alisoma akiwa na msiba, kwamba kilio hakimo katika ubeti, na kwamba Subilaga Mwaisumo ameusoma vizuri kuliko yeye. Mjumbe mmoja alimkumbusha kwamba siku ile mwenyewe alitamka kwamba ameshapoa.

"Ndivyo watu wanavyojibu," Atupele alisema.

Wajumbe walitazamana. Wote walikuwa watu wazima, wote walikuwa wamezika mtu, na hakuna aliyeuliza zaidi. Sifuri ya Subilaga ilifutwa. Wanafunzi wakaitwa maktaba kwa zamu, wakalala kwenye vitanda vile vyembamba, wakainuka wepesi. Atupele alipita nje ya dirisha siku hiyo na hakuthubutu kuchungulia. Mvua ilinyesha jioni, na hakuna aliyemkimbilia na mwavuli. Alilowa mpaka ndani, akafika nyumbani, akabadilisha nguo, akakaa jikoni bila kuwasha moto. Hakuwahi kuwa mpweke namna ile, hata siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu.

*

Kipindi kilichofuata kila mmoja alikuja na nakala ya karatasi. Hakukuwa na Msomaji Asili mwingine, kwa hiyo ilibidi wausome utenzi wenyewe. Walizishika karatasi zile kwa wasiwasi, wakizigeuza geuza, na wengine walikuwa wamekwisha kuchoka kabla ya kuanza.

Gwamaka alisoma ubeti wa kuku. Alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, akikwama, akirudia, na alipomaliza alinyanyua macho kumtazama mwalimu ili ajue ahisi nini. Atupele hakumwambia. Mmoja akasema labda ni kichekesho. Mwingine akasema hapana, mke huyu ni mkorofi, mwiko wa nini kwa mume aliyeleta kuku, kwani kuku si bora kuliko chumvi? Tusekile akasema kuku bila chumvi ataliwa na nani. Mtu alipiga miayo. Subilaga alianza kujibu, wakamkatiza, akawakatiza na yeye, na kwa muda darasa likawa na fujo ambayo Atupele hakuwa ameisikia tangu alipokuwa mwalimu kijana.

Aliinama kuutazama ubeti, na lile neno la kwanza likamshika kooni kama kawaida. Machozi yakamtoka. Safari hii hakuna mwingine aliyelia. Kelele zilikufa moja moja, wakamtazama kama unavyomtazama mtu usiyemjua vizuri anapoumia mbele yako, hujui umguse au uangalie pembeni.

Gwamaka ndiye aliyejikaza.

"Samahani, Dokta. Tumeambiwa tulikuwa tunamlilia mtu wako. Mimi nimejaribu, sikumbuki kitu." Alisita. "Alikuwa mtu gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Waliokuja msibani walimjua Nsajigwa, na hawa hapa, kabla ya kufutiwa, hawakuwa na haja ya kuuliza. Atupele alianza sentensi akaiacha. Mwema, mpole, mcha Mungu, hayo ni maneno ya wasoma wasifu makaburini, yanamfaa marehemu yeyote. Alitafuta neno ambalo lingekuwa lake Nsajigwa peke yake, na lilichelewa kuja, na wanafunzi wakangoja.

"Alikuwa Mnyakyusa asiyependa ndizi," alisema.

Darasa likaangua kicheko. Walicheka kama watu wasiomjua kabisa, vijana wa Tukuyu na Kyela waliolelewa kwa ndizi asubuhi na jioni, na kicheko kile kilimchoma mahali ambapo hakuna mwingine mle ndani aliyepahisi. Aliwaacha wacheke. Aliwangoja mpaka wakatulia, akajifuta uso kwa upindo wa kitenge.

"Siku aliyokuja kuposa, mama yangu alimwekea sinia zima la ndizi," alisema. "Akazimaliza."

Safari hii walicheka wachache, na kila mmoja kwa wakati wake.